Kutoka "Afande" hadi "Baba Nafula": shajara ya tamthilia yetu, Busia

Sisi ni watu tisa, kazi yetu ya kila siku ni kupiga picha za harusi na matanga hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka huu tumejitosa kutengeneza tamthilia ya sehemu sita, dakika 24 kila moja. Inamhusu Meja Wandera, afisa wa jeshi aliyestaafu na kurudi kwa mke aliyemzoea zaidi kwenye simu kuliko mezani. Naandika kila hatua ikiisha. Tulipoanza tulitafuta mtu aliyeandika makosa yake tukamkosa. Wote huonyesha kipande cha dakika moja chenye muziki, basi.

19 Januari 2025. Pesa, mswada, na bunduki tuliyoitoa

Akiba yetu ni shilingi 9,600,000 za Uganda. Hesabu ya mwanzo ni siku 18 za kupiga picha, 369,000 kwa siku: kukodi kamera ya pili na taa 180,000, chakula cha watu 14 kwa 6,000 kila mmoja, petroli ya jenereta 45,000, nauli 60,000. Waigizaji wote kwa jumla 2,400,000. Zinabaki 558,000 za dharura. Siku hiyo tuliziona nyingi.

Mswada wa kwanza ulikuwa na majambazi. Wanavamia boma, Meja anawamaliza, mtaa mzima unashangilia. Kila tuliyempa asome aliupenda. Kilichouua ni swali la fundi wetu wa sauti: bunduki tutaipata wapi, na nani atakubali iletwe uwanjani? Hakuna. Tukaitoa, na majambazi wakaondoka nayo. Tukabaki na mtu mwenye kiinua mgongo na hana adui. Amekaa Mogadishu na vikosi ambavyo Uganda ilianza kupeleka Machi 2007, sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri na hakuna anayemhitaji. Ndugu yake ana kiwanja cha kumuuzia njia ya Tororo. Wapwa wanataka boda. Si mnajua boda ilizaliwa hapa hapa mpakani, watu wakivushwa kwa baiskeli? Watoto wanaamshwa wapange mstari.

Kuhusu lugha: mtu mmoja wa televisheni alitushauri tufanye kwa Kiganda, eti Kiswahili hakina watazamaji. Kiswahili Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Karatasi zote hizo hazitazami televisheni, najua. Ila askari wa Uganda ameishi ndani ya Kiswahili tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Huwezi kumwandika Meja kwa Kiganda akabaki Meja. Na Busia ni Kiswahili tunachonunulia nyanya.

2 Februari. Jaketi la mabaka

Kosa letu la kwanza la maana, nalo lilituponyoka kwa bahati tu.

Dada anayeshughulikia mavazi alivuka upande wa pili, sokoni kwenye mitumba, akarudi na jaketi la mabaka la jeshi la nchi fulani ya mbali. Mia tisa za Kenya, kama 25,000 zetu. Akalifua, akalianika nje. Jioni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akapita. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Hili ni la nani?" kisha akakaa kwenye benchi kusubiri jibu.

Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 haimruhusu raia kuwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na 2019 tangazo la serikali liliongeza hata kofia nyekundu. Tulikuwa tumesikia habari hizo sote, lakini akilini mwetu "mavazi ya kuigizia" yalikuwa kitu kingine. Sivyo. Mwenyekiti alitusindikiza polisi, tukalikabidhi, likaandikwa kitabuni, yakaisha. Anayetaka kufuata njia yetu aanze na barua: moja kwa LC1, moja kituoni, zote zikisema siku, mahali na idadi ya watu, na nakala yenye muhuri ikae ndani ya begi la kamera. Zilitugharimu asubuhi mbili za kupanga foleni.

Tiba ya mswada ilitoka kwa jirani yetu, mzee tunayemwita Sajini. Alikuwa miongoni mwa askari zaidi ya 36,000 waliopunguzwa jeshini kati ya 1992 na 1995. Tulipomweleza shida yetu alicheka. "Gwanda la nini? Mtu akistaafu anarudisha vifaa. Angerudi navyo nyumbani ningemshangaa."

Kwa hiyo gwanda halionekani hata mara moja katika tamthilia nzima. Linaonekana sanduku la chuma, rangi nyeusi, namba nyeupe imekwanguliwa kwa kisu. Ndani mna brashi ya viatu, kopo la rangi lililobaki ukingoni tu, na blanketi lililokunjwa pembe nne mpaka unaweza kulipima kwa rula. Meja anapiga brashi viatu vya kiraia, vile vya ngozi bandia ambavyo having'ai hata ufanyeje, na anaendelea kupiga. Tukio hilo ni sekunde arobaini. Halikutugharimu kitu, na nalipenda kuliko majambazi wote wa mswada wa kwanza.

1 Machi. Mwalimu na Sajini

Mwigizaji mkuu ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Ana kifua, ana kipara, ana sauti. Tulifurahi. Siku ya tatu ya mazoezi tulimwita Sajini atazame. Akatazama dakika kumi, akauliza, "Huyu ni afande au mkaguzi wa shule?"

Alisema kweli. Mwalimu alikuwa anasema "Naomba unipatie maji, tafadhali," kila silabi mahali pake. Sajini akamwonyesha: "Maji." Neno moja, halafu mkono unabaki hewani mpaka maji yafike. Akasahihisha na mengine. Bila kofia hupigi saluti, unasimama mguu sawa. Simu ya mkubwa ikilia, unainuka kabla hujaipokea. Kiti ni kile kinachotazama mlango. Chakula ni dakika nne, na hupigi soga.

Tulipitia mswada wote kwa kalamu nyekundu na kukata karibu theluthi ya maneno ya Meja. Mwalimu alinung'unika, kwa sababu alikuwa amekwisha kukariri. Lakini kukata huko kulifichua jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Kiswahili cha mke wake, mwuza dagaa sokoni, kilikuwa kirefu, kinazunguka, kinabembeleza: "Mama, ongeza hata mia mbili basi, na mimi nikanunue chumvi." Cha Meja ni amri. Ni lugha moja, na hawaelewani. Tukaandika tukio ambalo halikuwepo: Meja anatumwa kununua nyanya, anaelekeza kidole, anasema "Hizo. Mbili." Muuzaji anamtazama na kutaja bei mara mbili. Meja analipa bila kupunguziwa na kurudi ameridhika.

22 Machi. Mvua juu ya mabati

Siku mbili nzima zimepotea: 738,000.

Nyumba ya Meja tuliazimwa bure, na mabati yake hayana dari. Tulijua mvua za Machi zinakuja, lakini tukajidanganya kwamba huku zinanyesha alasiri na sisi tutapiga asubuhi. Ijumaa ilinyesha kuanzia saa tatu asubuhi. Fundi sauti akavua vifaa vya masikioni na kuniwekea mimi. Nilichosikia ni kama mtu anamwaga mahindi kwenye karai bila kukoma, na nyuma yake midomo ya watu. Jumamosi mvua ikatulia, yakaja matrela. Foleni ya kuingia mpakani ilikuwa imerudi nyuma hadi mbele ya lango letu, kila dereva injini inanguruma ili feni ifanye kazi.

Tulijaribu kutundika mablanketi sita juu ya miti ya paa. Hayakusaidia kitu kwa mvua. Kwa mwangwi yalisaidia, kwa hiyo yabaki. Tulijaribu kusogeza maiki karibu zaidi, ikaingia kwenye picha. Tulijaribu kuwaomba madereva wazime, na wawili wakazima kwa heshima. Wa tatu alituuliza kama tutamlipia joto.

Mwishowe tulipiga picha hivyo hivyo, tukijua sauti itatupwa.

13 Aprili. Studio ndani ya matatu

Studio ya kweli iko mbali na kwa saa moja wanataka pesa ambazo sisi tunakula nazo siku mbili. Dereva mmoja wa matatu ya abiria 14 alitukodishia gari lake likiwa limelala usiku: 30,000 kwa usiku, siku nne, 120,000.

Viti vya matatu vimejaa sponji na kuta zake hazilingani, kwa hiyo sauti haina pa kugonga. Tukafunika kioo cha mbele kwa blanketi, tukamkalisha mwigizaji kiti cha katikati, maiki ikaning'inia kwenye mshikio wa juu ikiwa imevalishwa soksi. Picha anaitazama kwenye simu.

Usiku wa kwanza ulikuwa hasara. Tulimwacha Mwalimu aseme tukio zima kwa mkupuo, kisha kwenye kompyuta midomo ikawa inatangulia na maneno yanafuata kama mtu amelewa. Kuanzia usiku wa pili tulikata sentensi vipande vipande, kila kipande mara tatu, na kofi moja la mkono kabla ya kila kipande ili mhariri apate pa kushika. Hapo yakaoana.

Bado kulikuwa na ugonjwa mmoja. Sauti ilikuwa safi mno, kana kwamba Meja anazungumza kutoka ndani ya mtungi. Mhariri akaomba "sauti ya mahali", na hatukuwa nayo. Tulirudi kwenye ile nyumba, tukanyamaza dakika mbili kila chumba, tukarekodi kuku, sufuria, na redio ya jirani kwa mbali. Ukiweka hizo chini ya maneno, nyumba inarudi. Tangu siku hiyo hatuondoki mahali popote bila dakika mbili za kunyamaza. Mtoto wa mwenye nyumba anatuona wendawazimu.

Diski mbili za kuhifadhia: 620,000. Dharura yote ilikwenda hapo, na zaidi.

4 Mei. Jedwali la majina

Tulipounganisha sehemu ya 1 na ya 2, kitu kiligoma. Mwenyekiti wa stendi ya boda anamwita Meja "mzee" mapema mno, kabla hajawahi hata kubishana naye. Tukio la baadaye, ambapo vijana wa stendi wanaacha kumwita "afande", likawa halina uzito.

Nikachora jedwali ukutani kwa chaki. Safu za juu ni sehemu sita, pembeni ni wahusika, na ndani ni jina wanalomwita. Ndugu yake: "Meja" wakati anauza kiwanja, "kaka" wakati kiwanja kimegundulika kuwa kina wenyewe wawili. Wapwa: "afande" mpaka pikipiki ziishe kulipiwa. Mwenyekiti wa boda: "afande", halafu "wewe", halafu "mzee".

Mama anayeigiza mke ndiye aliyeuliza. "Mimi namwitaje?" Tukatazama. Safu yake ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatukukusudia, tulisahau tu. Katika mswada wote mke hamwiti mume wake kitu chochote.

Tulibishana hadi saa tano usiku. Mmoja akaandika mstari: "Afande alibaki Mogadishu, mimi nilikuwa namsubiri Baba Nafula." Wote wakasema mzuri. Mimi nikaufuta, na bado wananilaumu. Hakuna mke wa huku atakayemsimamia mume wake na kumhutubia hivyo. Akiwa na kinyongo atapitia kwa mtoto: "Nafula, mwambie baba yako chai iko tayari." Na baba yuko hatua mbili kutoka hapo. Tukaamua pengo libaki, na sasa tulijaze kwa Nafula kupeleka salamu.

31 Mei. Kibandani

Tulitaka kuona watu wakitazama. Ligi ya Uingereza ilikuwa imeisha wiki iliyopita, tukadhani vibanda vya video viko tupu, tukakodi kimoja kwa 60,000. Hatukuangalia kalenda vizuri. Usiku huo huo ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Paris na Inter, na mwenye kibanda akatupa hadi saa moja jioni, asiongeze hata dakika.

Walikuja watu kama arobaini. Kwenye watoto kupangwa mstari alfajiri, tukio tulilodhani litanyamazisha ukumbi, walicheka mpaka benchi likaanguka. Nilikasirika dakika tano. Halafu nikasikia mzee mmoja nyuma akisema, huku akicheka, "Hivi ndivyo alivyokuwa baba yetu," na nikaelewa kwamba kicheko hicho ni cha watu waliowahi kusimama kwenye huo mstari. Tukakiacha.

Tatizo la kweli lilikuwa VJ. Kibanda kina kijana wa kutafsiri filamu papo kwa papo kwa Kiganda, ni fundi hasa, na mwenye kibanda alisema bila yeye watu wa kutoka Iganga hawatakaa. Tukakubali kwa onyesho la pili. Akaanza, na kila mtu aliyefungua mdomo kwenye picha, VJ alimpa neno moja la kumwita Meja: "afande". Ndugu, afande. Boda, afande. Hata Nafula akimpelekea baba chai: afande! Jedwali langu lote la chaki likafutika kwa dakika 48.

Nilimfuata baadaye. Hakuona kosa. "Bosi, huku mtu anayesema Kiswahili kikali hivyo ni afande. Nikimwita kitu kingine watauliza ni nani." Hapo nilinyamaza. Yuko sahihi kwa masikio ya watu wake. Kuna wazee Uganda ambao Kiswahili cha kwanza kukisikia kilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani usiku. Kwao Meja akiomba maji, ameamuru.

12 Julai. Mizani

Kwa hiyo hatuwezi kutegemea neno peke yake. Jina lililobadilika lazima lionekane hata kwa mtu ambaye VJ amemfunika masikio.

Tuliandika upya tukio la sokoni katika sehemu ya 4. Toleo la zamani: mteja anamdhulumu mke, Meja anasimama, mteja anakimbia. Huyo ni yule yule wa majambazi, amerudi kwa mlango wa nyuma. Toleo jipya: soko limejaa, mke ana wateja wanne, dagaa wanamwagika, Meja amesimama pembeni mikono nyuma kama yuko gwarideni. Mke hamtazami. Anasema, "Baba Nafula, nishikie mizani." Ndiyo mara ya kwanza anamwita, na ni amri. Meja anashika mizani.

Makosa ya kupiga tukio hili: mara ya kwanza Mwalimu alitabasamu, ikawa tangazo la sabuni. Mara ya pili alimtazama mke, akaharibu. Mara ya tatu tulimwambia asifanye chochote, ahesabu dagaa kimoyomoyo. Ndiyo tuliyoichukua. Samaki wenyewe tulinunua kilo tano, na baada ya saa mbili juani inzi walitushinda. Panga tukio la samaki liwe la kwanza asubuhi.

24 Agosti. Tulipofika

Sehemu nne zimekamilika. Siku 14 zimetumika, tukijumlisha zile mbili za mvua. Matumizi mpaka leo: kamera na taa 2,520,000, chakula 1,176,000, petroli na nauli 1,470,000, waigizaji 1,900,000, diski 620,000, matatu 120,000, kibanda 60,000, jaketi 25,000. Jumla 7,891,000. Pesa za samaki alitoa dada wa mavazi mfukoni mwake na amekataa kurudishiwa.

Zimebaki 1,709,000. Siku tano zilizosalia zinataka 1,845,000, na waigizaji bado wanatudai 500,000. Pengo ni 636,000. Septemba tuna harusi mbili, moja wameshalipa nusu. Mvua za pili zikianza kabla ya harusi ya pili, sehemu ya 5 tutaipigia jikoni kwa jirani, penye paa la nyasi, ambako mvua haina kelele.

Jana tulimwonyesha Sajini sehemu ya 4. Alikaa kimya hadi mwisho, akaomba turudishe pale sokoni. Tukarudisha. Akaomba tena. Kisha akasema, "Hapo mmekosea. Mizani ameishika kama bunduki."

Tukatazama. Ni kweli. Mkono mmoja juu, mmoja chini, kiwiko kimebana ubavuni. Mwalimu hajawahi kushika bunduki maishani, ni Sajini mwenyewe aliyemfundisha kusimama. Nikaanza kuhesabu kichwani nusu siku ya kurudia, samaki wengine, nauli ya watu sita.

"Msirudie," Sajini akasema, akavuta kikombe chake cha chai. "Na mimi nilishika jembe hivyo mwaka mzima."